Kufuli la Baleghe

Msichana akianza kuota matiti kabla hajatimiza miaka 8, au mvulana akionyesha dalili za utu uzima kabla ya miaka 9, humpasa tabibu kujua kama ni ubongo wenyewe ulioamrisha jambo hilo. Kwani mtoto aliyebaleghe mapema kwa amri ya ubongo huwapita wenzake kwa kimo, kisha mifupa yake hukomaa kabla ya wakati, na huenda akabaki mfupi maishani mwake.

Mtu angedhani kichupa kimoja cha damu kinatosha kutoa ushahidi. Walakini homoni iitwayo LH, itokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, mwanzoni mwa baleghe humwagika zaidi usiku, mtoto akiwa usingizini, na akifikishwa hospitali mchana damu yake yaweza isiseme neno. Kwa hiyo hudungwa dawa ya kuichochea tezi ile, kisha hutolewa damu mara kadhaa kwa muda wa saa moja au zaidi. LH ikipanda kupita yuniti 5 kwa lita, aghalabu shaka huondoka. Kwa mtoto wa miaka 6 hiyo ni adha kubwa, na gharama yake si haba.

Ndiyo sababu wataalamu wakatafuta shahidi mwingine. Yupo kispeptini, protini ambayo jeni yake ilipatikana mwaka 1996 na watafiti wa saratani mjini Hershey, Marekani, wakaipa jina la chokoleti ya mji huo (wanazuoni nao wana mzaha wao). Mwaka 2003 ikadhihirika kwamba kipokezi chake kikiharibika mtu habaleghe. Mimi humtumainia zaidi MKRN3, protini iliyo mithili ya kufuli: hupungua katika damu baleghe inapokaribia, na mwaka 2013 ilithibitika kwamba jeni yake ikiwa na kasoro kufuli hulegea mapema. Ajabu ni kuwa nakala itokayo kwa baba pekee ndiyo ifanyayo kazi, ilhali ya mama hunyamaza.

Hata hivyo vipimo vya watoto wagonjwa na wazima vingali vikiingiliana, wala protini hizo haziwezi bado kumhukumu mtoto mmoja mmoja. Mzazi, basi, asiikatae sindano ile. Na baba asione haya kumweleza tabibu ni umri gani sauti yake mwenyewe ilipoanza kuwa nzito.