Kumpenda adui: mbona ni ngumu hivi?

Wadau, leo tuongee kitu ambacho kanisani tunakiitikia "Amina" halafu tukifika nyumbani kinatushinda. Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anawaagiza wafuasi wake wawapende adui zao na kuwaombea wanaowatesa. Kama adui ni shetani, hakuna shida. Lakini je, kama adui ana jina, anaongea lugha nyingine, na shamba lake linapakana na la kwenu?

Hapa Kenya swali hilo lilitufikia mlangoni. Tarehe 1 Januari 2008, siku mbili baada ya matokeo ya urais kutangazwa, kundi la vijana wa Kikalenjin lilichoma kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret. Ndani walikuwa wamejificha Wakikuyu, wengi wao kina mama na watoto. Zaidi ya watu 25 walikufa. Mwisho wa mwezi huo huo kisasi kikaanza Naivasha. Huko magenge ya Wakikuyu yaliteketeza nyumba na watu 19 wakafa. Wengi wao walikuwa Waluo.

Soma tena hapo. Waliouawa Naivasha hawakuchoma kanisa la Kiambaa. Chuki ndivyo ilivyo: inadai inamtafuta mkosaji, kumbe inamshika yeyote aliye karibu mwenye jina la "upande wa pili". Kwa jumla, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133.

Na jamani, tusidanganyane, pande zote zilijaa Wakristo. Hata viongozi wa dini waligawanyika kikabila. Mwaka 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilikiri hadharani kwamba lilikuwa limeegemea pande za kisiasa.

Ugumu uko wapi hasa? Kabila linakufundisha kwamba ukisamehe umewauza marehemu wenu. Ukisalimiana na jirani yule, shangazi zako wanakuangalia vibaya. Kwa hiyo anayempenda adui anapigana vita viwili: kimoja na uchungu wake mwenyewe, kingine na watu wake.

Sasa basi, amri hii inadai nini?

Kwanza, haidai umfurahie. Upendo huu ni uamuzi: kumtakia mema na kukataa kumdhuru, hata kama tumbo linakukata ukimwona.

Pili, haifuti haki. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa, na jaji akalaumu uchunguzi mbovu wa polisi. Kumwambia mama aliyepoteza mtoto "samehe tu, yaishe", wakati hakuna aliyejibu kwa kosa hilo, ni kumwongezea mzigo. Unaweza kumwombea mtu na bado ukataka asimame kortini.

Tatu, inaanzia mdomoni. Kabla ya moto kulikuwa na maneno. Huko Bonde la Ufa watu wa makabila mengine waliitwa "madoadoa" ya kuondolewa. Mtu akishakuwa doa, kumfuta kunaonekana ni usafi. Meseji ya chuki ukiipata, usiisambaze. Hapo umeshaanza kumpenda adui.

Wengine watasema wakubwa walishapatana. Ni kweli, Uhuru na Ruto waliungana wakashinda uchaguzi wa 2013, halafu kabla ya ule wa 2022 wakatengana tena. Muungano wa wanasiasa unategemea hesabu ya kura. Mwanakijiji hana hesabu hiyo. Yeye kesho atakutana na jirani yule yule kisimani.

Mimi sisemi ni rahisi. Nasema njia ile nyingine tuliijaribu, na tulizika.

Wewe je, yuko mtu wa kabila lingine ambaye mpaka leo humsalimii? Ungeanzia wapi? Tupe maoni yako, ila matusi ya kikabila hapana.