Taa ya Karatasi kwa Mikono Yako

Nyumba haipambwi kwa fedha peke yake. Mikono yenye subira nayo hupamba. Taa ya karatasi yahitaji puto, karatasi nyeupe nyembamba na uji wa unga wa ngano.

Koroga kikombe 1 cha unga katika vikombe 5 vya maji, upike mpaka uji uwe mzito, kisha uuache upoe. Jaza puto hewa, ulipake mafuta kidogo ya kupikia. Chana karatasi vipande vipande, uvichovye katika uji, uvibandike tabaka 3, ukiacha tundu pana juu na jingine chini. Anika kivulini hadi ikauke kabisa, ndipo utoboe puto na kulitoa.

Lakini kumbuka: karatasi ni kuni. Kamwe usitie ndani mshumaa wala koroboi. Balbu ya zamani ya waya hugeuza umeme mwingi kuwa joto. Tumia ya LED ya wati 3 hadi 5, isiyogusa karatasi. Watoto wabandike, umeme mwachie fundi. Pambo linalohatarisha waliolala si pambo.