Alikataa Kuokoka Peke Yake

Mimi ni katekista wa Rugerero, kwenye barabara itokayo Gisenyi kwenda Musanze. Nafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, na nakaa na wafiwa. Waombolezaji wakishatawanyika, mwenye msiba huniuliza lile lile: “Katekista, yuko wapi sasa?”

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mto Sebeya ulifurika ukasomba nyumba, mifugo na watu waliolala. Nchini Rwanda mafuriko na maporomoko ya siku hiyo yaliua watu zaidi ya 130. Baada ya mazishi nilimkuta mama mmoja akianika madaftari ya mwanawe juu ya bati, akiyabandua ukurasa kwa ukurasa. Mtoto tulikuwa tumeshamzika.

Sikumwambia kwamba Mungu alimhitaji mtoto yule. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, ingawa alikuja kumfufua. Kifo ni adui, na kukililia hakupunguzi imani.

Tumaini letu limesimama juu ya jambo moja: Yesu alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Kwa hiyo tunangoja ufufuo wa mtu kamili, mwili na roho. Kuhusu hali ya marehemu kabla ya siku hiyo, majirani tunatofautiana. Sisi Wakatoliki huwaombea, hasa Novemba 2. Waadventista husema wamelala mpaka Yesu arudi. Wapentekoste wengi husema muumini huenda kwa Kristo papo hapo. Lakini ufufuo tunaungoja sote.

Wapo wanaodai kwamba tumaini hili huwalegeza watu, wakaacha ya duniani wakisubiri mbingu. Hao mimi huwasimulia habari za Félicité Niyitegeka.

Mwaka 1994 Pasaka iliangukia Aprili 3. Siku nne baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Félicité, Mhutu aliyejitoa kulitumikia Kanisa, alikuwa katika kituo cha Saint Pierre mjini Gisenyi. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimsihi awaache ajiokoe. Félicité alimwandikia kwamba ana watu 43 mikononi mwake, na ni heri afe pamoja nao kuliko kupona kwa kuwatelekeza. Aliahidi kuwaombea jamaa zake atakapofika kwa Mungu. Aprili 21 aliuawa kwenye mashimo ya halaiki ya Commune Rouge, mjini Gisenyi. Leo ni shujaa wa taifa, katika daraja la Imena.

Mwanamke huyo hakuwa amechoka kuishi. Aliamini kwamba uhai alio nao kwa Mungu hauondolewi na panga, na imani hiyo ndiyo iliyompa nguvu ya kubaki. Injili ya Yohana inafundisha kwamba uzima wa milele ni kumjua Mungu, na kumjua Mungu huanza mtu angali hai, miongoni mwa jirani zake.

Ndiyo maana vijana wangu wa ubatizo nawapa somo hili nje ya darasa pia. Anayeungama uzima wa milele Jumapili, Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, namtaka bondeni Sebeya na jembe lake, mpaka nyumba ya mjane isimame.