Silikanti na Ukoo Wake

Silikanti ni samaki mkubwa akaaye vilindini. Magamba yake ni magumu, na mapezi yake yameota juu ya viungo vyenye nyama, kama vikono. Hapo zamani wataalamu walimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, wakadhani ya kuwa ametoweka duniani tangu miaka milioni 66 iliyopita. Lakini mwaka 1938 mmoja alivuliwa karibu na mji wa East London, Afrika ya Kusini. Baadaye ikajulikana ya kuwa wako visiwa vya Komoro pia, ambako wavuvi walimwita gombesa. Tena mwaka 1998 akavuliwa mwingine huko Sulawesi, nchi ya Indonesia, karibu kilometa 10,000 kutoka Komoro.

Hapo likazuka swali. Silikanti wa Komoro ni wa samawati, na yule wa Sulawesi ni wa kahawia. Lakini kwa umbo wafanana sana. Je, ni wa namna moja, au ni namna mbili mbalimbali? Rangi peke yake haitoshi kuamua udugu. Basi wataalamu wakatafuta shahidi mwingine ndani ya mwili wa samaki.

Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa seli, ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Ndani ya seli zimo mitokondria, ambazo kazi yake ni kutoa nguvu katika chakula. Kila mitokondria ina uzi wa DNA, nao ni kama maandiko ya herufi nne tu, zikirudiwa-rudiwa kwa mpango. Uzi huo wa silikanti una herufi kama 16,400. Mtoto huupata kwa mama yake, wala si kwa baba. Kwa hiyo ukoo wa mama waweza kufuatwa nyuma sana.

Uzi hunakiliwa kizazi hata kizazi, na mara chache herufi moja hubadilika. Fikiri wanafunzi wanaonakili somo, kila mmoja kutoka kwa mwenzake. Mmoja akikosa neno, wote wanaomfuata huandika kosa lile lile. Mwalimu akiyalinganisha madaftari, hujua nani alinakili kwa nani. Na makosa yakizidi kutofautiana, hujua ya kuwa wameachana mapema. Wataalamu nao hulinganisha nyuzi vivyo hivyo.

Walipolinganisha za Komoro na Sulawesi, waliona tofauti ya herufi kama 4 katika kila 100. Kumbe samaki hawa wameachana tangu mamilioni ya miaka! Basi mwaka 1999 yule wa Indonesia akapewa jina lake mwenyewe.

Hata pwani ya Tanzania shahidi huyu amesema. Tangu mwaka 2004 silikanti wengi wamenaswa Tanga katika majarife yaliyotegwa kwa ajili ya papa. Mwaka 2011 wataalamu wa Japani na Tanzania walitangaza ya kuwa kundi la kaskazini mwa pwani hiyo limetengana na wenzao wa Komoro kwa miaka isiyopungua 200,000. Serikali ilikuwa imekwisha kuweka hifadhi ya bahari huko Tanga mwaka 2009. Hifadhi hiyo ina maana kubwa: samaki hao wakiisha, wale wa Komoro hawawezi kuwa badala yao, maana ni ukoo mwingine.