Bibi akianguka ghafla, acha kwanza kidonge cha presha

Mtu mzima akianguka ghafla, mdomo ukapinda na mkono mmoja ukakosa nguvu, nyumbani hakukosi anayekimbilia dawa. Mmoja anasema presha imepanda, apewe kidonge. Mwingine ana aspirini, amesikia inasaidia kiharusi. Wote wana nia njema, na wote wanaweza kumuumiza mgonjwa.

Kiharusi si kimoja, wazazi wenzangu. Kuna cha mshipa wa ubongo kuziba, na kuna cha mshipa kupasuka, damu ikavujia ndani ya ubongo. Kwa nje vinafanana mno, hata daktari hana uhakika mpaka aone picha ya CT-Scan. Aspirini inayomfaa wa kwanza inaweza kuongeza uvujaji kwa wa pili. Presha nayo ni hivyo hivyo: mshipa ukiziba, mara nyingi madaktari huiacha juu kwanza ili damu ipenye, ukipasuka, huishusha haraka.

Hilo la kuishusha haraka lilibishaniwa miaka mingi. Damu iliyovuja hufanya bonge, na bonge hubana ubongo ulio kando yake. Hofu ilikuwa kwamba ukipunguza presha, sehemu hiyo iliyobanwa itakosa damu kabisa, kama bomba la nyumba ya mwisho mtaani linavyokauka pampu ikilegea. Hofu ya maana, lakini ilikuwa haijapimwa vizuri.

Watafiti wa Kanada wakaipima. Waliwagawa wagonjwa 75 waliovuja damu: kundi moja lilishushwa presha ya juu chini ya 150, jingine chini ya 180. Baada ya saa mbili wakawapiga CT-Scan huku dawa maalumu ikipita kwenye mishipa, wakafuatilia damu inavyotembea kuzunguka lile bonge. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2013, yalionyesha hakuna tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Ubongo wa pembeni haukukosa damu kwa sababu ya presha kushushwa.

Mwaka 2023 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10, Nigeria ikiwemo. Hospitali zilishusha presha ya juu chini ya 140 ndani ya saa moja, zikadhibiti sukari na homa, na zikaondoa nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda kwa waliokuwa wakizitumia. Waliotibiwa hivyo walikuwa na hali nzuri zaidi miezi sita baadaye. Karibu yote hayo hayahitaji mashine ya ajabu. Yanahitaji mgonjwa afike mapema na picha ipigwe.

Na hapo ndipo penye kazi kwa mtu wa Mahege. Zahanati haina CT-Scan. Kuna rufaa, kuna gari la kutafuta usiku, kuna barabara ndefu ya kwenda Kibaha au Muhimbili; na kwa ndugu zetu wa visiwa vya delta, kuna kusubiri maji yajae ndipo boti iondoke. Saa zinazopotea njiani tayari ni nyingi. Tusiongeze za kwenda kwa mganga. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulikuta kwamba ni watu wa Dar es Salaam, si wa Hai kijijini, waliohusisha zaidi kiharusi na mashetani na kuanzia kwa waganga. Kwa hiyo asije mtu wa mjini akatucheka.

Msimu wa mpunga wazazi wengi wako bondeni kwenye madungu, bibi amebaki na wajukuu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kufundishwa: bibi acheke, anyanyue mikono yote miwili, ataje jina lako. Uso ukivutwa upande, mkono ukishuka au maneno yakikorogeka, mtoto akimbie kwa jirani mwenye simu.

Mkifika, mlazeni ubavu, msimpe uji wala maji, maana huenda hamezi vizuri. Chukueni dawa zake zote mwende nazo. Na mwandikeni saa ya mwisho alipoonekana mzima. Hilo ni miongoni mwa maswali ya kwanza mtakayoulizwa hospitali.