Springi ya Nyuma Hubeba, Husukuma na Hushika Njia

Pikapu kuukuu imefufuliwa. Rangi inang'aa, injini imefunguliwa na kufungwa upya, springi za nyuma zimetoka dukani zikiwa na rangi yake nyeusi. Dereva anaachia klachi, nyuma kunagonga. Anakanyaga breki kwenye lami, mkia unavuta pembeni. Akipita kwenye mashimo, gari linaruka kwa ugumu kuliko lilivyokuwa kabla ya matengenezo. Mwenye gari huzilaumu springi, na wapo wanaokwenda kununua nyingine. Katika magari mengi ya namna hii, kosa liko pale springi inaposhikana na chesisi na pale inapoikamata ekseli.

Nitalieleza jambo hili kwa kutumia Land Rover 109 ya Series III, iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya 1971 na 1985. Namba 109 ni inchi kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, yaani kama mita 2.77. Nimeichagua kwa sababu bado ipo mashambani, misheni na kwenye gereji za Afrika Mashariki, na kwa sababu ufungaji wake uko wazi: ukiinama nyuma ya gurudumu unaona kila kitu. Ukiuelewa huu, pikapu nyingine zenye springi za mabamba hazitakusumbua sana.

Kwanza tujue springi inafanya kazi gani. Mzigo ndio tunaoufikiria upesi, lakini katika gari la aina hii springi ina kazi nyingine mbili. Ekseli ya nyuma haina fimbo yoyote ya kuishikilia isiende mbele, nyuma au kando. Inashikwa na springi peke yake. Magurudumu yanapozunguka na kuisukuma ardhi, nguvu inayolipeleka gari mbele hutoka kwenye ekseli, ikapita katika nusu ya mbele ya springi hadi kwenye chesisi. Tena, ekseli inapozungusha magurudumu kwenda mbele, ganda lake hutaka kujizungusha kinyume, na springi ndiyo inayolizuia. Ukifunga breki, msokoto huo hugeuka upande wa pili.

Kwa sababu hiyo ncha mbili za springi hazifungwi kwa namna moja. Bamba kuu, lile refu kuliko yote, limekunjwa kila ncha kuwa pete. Pete ya mbele hufungwa kwa bolti moja kwenye breketi ya chesisi, haina pa kwenda. Hiyo ndiyo inayosukuma gari na kuamua ekseli ikae wapi. Pete ya nyuma hufungwa kwenye shakeli, vipande viwili vya chuma vinavyoning'inia kutoka kwenye chesisi na kucheza mbele na nyuma kama bembea. Springi imepinda. Mzigo unapoibonyeza inanyooka, na ikinyooka umbali kati ya pete zake unaongezeka. Shakeli ndiyo inayoupa urefu huo nafasi. Ikiganda kwa kutu, springi haiwezi kunyooka, na hapo hata springi mpya kabisa itakuwa ngumu.

Itazame shakeli gari likiwa limesimama tupu kwenye sakafu iliyo sawa. Ncha yake ya chini iwe imeegemea nyuma kidogo, mbali na pete ya mbele, huku ikibaki na nafasi ya kuendelea kurudi nyuma mzigo ukiongezeka. Ikiwa imelala nyuma hadi karibu na chesisi, springi imechoka au ni ndefu kuliko inavyotakiwa. Ikiwa imeegemea mbele, huenda springi imepinda kupita kiasi, na gari litakuwa gumu mwanzoni mwa kila shimo.

Sasa tuje kwenye bushi, sehemu ndogo inayoharibu kazi kubwa. Bushi ya Land Rover hii ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Bomba la nje hukazwa ndani ya pete ya springi, au ndani ya chesisi kwa upande wa juu wa shakeli. Bomba la ndani ni refu kidogo, ili bolti ikikazwa libanwe kati ya kuta za breketi na lisizunguke. Maana yake ni kwamba chuma hakisuguani na chuma. Springi inapocheza, mpira husokoteka kidogo upande mmoja, ukarudi, ukasokoteka upande mwingine.

Ukielewa hilo, utaelewa kanuni ambayo mafundi wengi wa haraka huipuuza: bolti za springi hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito wake wote ukiwa juu ya springi. Ukizikaza gari likiwa juu ya stendi na ekseli ikining'inia, umeufunga mpira katika mkao wa springi iliyoachiwa kabisa. Gari likishushwa, mpira unasokoteka kabla hujatembea hata mita moja, na kila shimo linauongezea msokoto. Hautachelewa kuchanika. Kwa hiyo pachika kila kitu gari likiwa juu, kaza kiasi cha kushika tu, lishushe, litikise mara kadhaa likae sawa, ndipo ukaze.

Kufungua ndiko kunakovunja watu moyo. Anza kumwagia mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla. Weka stendi imara chini ya chesisi na jeki nyingine chini ya ekseli, kwani springi ikitoka ekseli haina cha kuishikilia. Angalia usiining'inize kwenye paipu ya breki. Katika shakeli za Land Rover hizi, kipande kimoja kina nyuzi zake: legeza nati ya kufungia, kisha zungusha bolti itoke kwenye nyuzi hizo. Asiyelijua hili huigonga bolti kwa nyundo hadi akaiharibu shakeli. Bolti iliyoshikana na bomba la ndani la bushi utaitambua: unaizungusha, nayo inazunguka, lakini haitoki. Usipoteze siku nzima nayo. Ikate kwa grenda au msumeno kati ya bushi na shakeli, kwa maana bushi na bolti ni vitu vya kubadilisha. Gesi ya kukatia iwe mbali. Mpira unaoungua hutoa moshi wenye sumu, na tanki la mafuta haliko mbali.

Bushi mpya iingizwe kwa presi au jiliwa, ikisukumwa kwa bomba lake la nje. Ukisukuma la ndani, umeuchana mpira ukiwa bado mpya.

Katikati ya springi kuna senta bolti na yubolti, na kazi zao huchanganywa. Senta bolti huyashika mabamba pamoja, na kichwa chake huingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli ili ekseli ikae mahali pake. Yubolti ndizo zinazobana, na mbano huo ndio unaozuia springi na ekseli visihamane. Zikilegea, senta bolti hubeba nguvu isiyo yake hadi ikakatika, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, na gari likaanza kutembea kimshazari. Mabamba nayo huvunjika pale pale katikati, kwenye tundu la bolti, ambako chuma kimepungua.

Ndiyo maana yubolti za zamani hazirudishwi. Zimekwisha kuvutwa, na nyuzi zake hazina tena uhakika. Nunua mpya, zikaze kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha gari. Futa pia rangi nene kwenye kikalio: rangi ikisagika kwa mzigo, mbano unapungua bila nati kuzunguka. Ukishatembea kilomita mia moja hivi, rudi uzikaze tena.

Kabla ya kufunga springi mpya, zitazame pande zake. Tanki la mafuta la pikapu za Land Rover hizi liko chini ya kiti cha kulia, na kwa magari yetu ya usukani wa kulia dereva naye yuko huko huko. Kwa sababu hiyo kiwanda kilitengeneza springi ya upande wa dereva kuwa tofauti na ya upande wa abiria. Ukizibadilisha pande, gari litakaa kwa kuinama.

Ichunguze chesisi pia. Imeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyounganishwa kuwa sanduku lenye uwazi ndani, na kutu huila kutoka ndani, hasa karibu na breketi za springi, ambako tope hukaa. Igonge kwa nyundo ndogo, usikilize sauti butu na utazame chuma kinachobonyea. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hakitabeba nguvu ya kulisukuma gari zima. Kata hadi ufike kwenye chuma kizima. Wale walioongeza mabamba ili wabebe magunia zaidi wajue kuwa springi ngumu mno hupeleka kishindo kwenye breketi hizi, na nyufa huanzia hapo. Springi yenyewe isichomelewe kamwe, kwa kuwa joto huondoa ugumu wake wa kiwandani.

Ukimaliza, chukua futi. Pima kutoka kitovu cha bolti ya pete ya mbele hadi kitovu cha ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, na chesisi ikiwa haijapinda, ekseli imekaa sawa na gari litafuata njia yake.

Bushi, bolti na yubolti mpya za nyuma hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya springi mpya. Fedha ikiwa chache, anza na hizo pamoja na chesisi inayozishika. Springi ya zamani ambayo mabamba yake hayajapasuka wala kunyooka, ikifungwa kwa usahihi, italihudumia gari vizuri kuliko springi mpya iliyofungwa kwenye bushi zilizokufa.