Tenki la duara huanzia kwenye kalibu

Mtwara hupata mvua kwa msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Mei. Mvua ikikatika, mwenye bati hubaki na kile alichokinga. Matenki makubwa ya plastiki ni ghali kwa kaya nyingi, ilhali udongo uko uani.

Lakini ukuta wa tenki la duara lazima upinde. Mafundi wa kale wa mwambao walijenga mkunjo kwa msaada wa chokaa. Kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni mawe ya matumbawe yasiyolingana, na mapengo yake yamejazwa chokaa. Kuchimba matumbawe leo ni kuiharibu bahari. Matumbawe ya Msimbati, huku Mtwara, yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000.

Njia nyingine imetoka Uganda. Mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni tofali lililopinda, linalofungamana na mengine, la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Hapa mkunjo hutoka kwenye kalibu ya mashine hiyo.

Chukua tenki lenye nusu kipenyo cha mita 1 kwa ndani na ukuta wa sentimita 15. Katika kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, yenye matofali 24, kila tofali huchukua nyuzi 15 za duara: uso wa ndani sentimita 26, wa nje 30. Vinundu viwili vya kufungamanisha vilivyo juu ya tofali vikikaa kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu ya tofali, kozi inayofuata husogea nusu tofali na kila kinundu hukuta tundu lake chini ya tofali la juu. Kalibu hiyo haifai kwa tenki pana zaidi. Nusu kipenyo kikibadilika, pembe nazo hubadilika.

Lakini kufungamana hakutoshi. Tenki hilo likijaa hadi mita 2 hubeba lita 6,280, na chini kabisa maji huuvuta ukuta kwa nguvu ya takriban tani 2 kwa kila mita ya kimo. Udongo hauwezi mvuto huo. Lazima pawe na waya wa kuzungushia na plasta nzuri ya saruji.

Basi unayetaka kujenga, kabla ya kulipia matofali yote, mwambie fundi apange kozi moja kavu juu ya msingi. Isipofunga duara, kalibu si ya tenki hilo.